Ukinipigia simu kuhusu kiwele, anza na haya

Simu za alfajiri karibu zote huanza namna moja: "Dokta, ng'ombe wangu anaumwa maziwa." Mimi si daktari wa shahada, ni afisa mifugo wa diploma, ila jina limeshanishika na saa kumi na moja asubuhi sina nguvu ya kulikataa. Ninachotaka kujua saa hiyo ni anaumwa wapi hasa. Huku kwetu Hai, Kilimanjaro, mtu akisema "maziwa" huenda anasema yale yaliyomo kwenye ndoo, huenda anasema kiwele chote, na akisema "ziwa" kumbe ni chuchu moja tu iliyochanwa na msumari wa banda. Mimi niko Bomang'ombe, ng'ombe yuko juu Machame, mvua imenyesha usiku kucha, na mkoba wangu haubebi duka zima la dawa. Ukinieleza vizuri, nakuja na kinachotakiwa. Usiponieleza, nakuja kutazama, nashuka kufuata dawa, napanda tena, na nauli ya bodaboda unailipa wewe.

Haya basi ndiyo majina ya viungo ninayotaka uyajue, kwa mpangilio wa kumkagua ng'ombe aliyesimama bandani kwako. Yasome mara moja ukiwa umekaa, kisha uyarudie ukiwa na tochi mkononi na ng'ombe mbele yako.

Kushoto ni kwa ng'ombe, si kwako

Kabla ya jina lolote tupatane pande. Simama nyuma ya ng'ombe, utazame anakotazama yeye. Mkono wako wa kushoto ndio upande wake wa kushoto, wa kulia ndio wake wa kulia. Hizo ndizo pande za ng'ombe, na hazibadiliki hata wewe ukihamia wapi.

Nasisitiza hili kwa sababu ya kigoda cha kukamulia. Wengi hukaa ubavu wa kulia wa ng'ombe, uso ukielekea tumboni. Ukikaa hivyo, mkono wako wa kulia uko upande wa kichwa na wa kushoto uko upande wa mkia. Sasa mkamuaji akiniambia "ziwa la kulia limevimba", nusu ya wakati anamaanisha chuchu iliyo karibu na mkono wake wa kulia, yaani ya mbele. Nami naandika kulia, tunaachana hapo hapo.

Kwa hiyo taja maneno mawili kila mara: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Majina ni hayo manne tu, na hakuna "lile la huku".

Kiwele kwa nje

Mfuko wote ulio kati ya miguu ya nyuma ni kiwele. Kiwele kina sehemu nne, na kila sehemu tunaiita robo. Kila robo ina chuchu yake moja, na kila chuchu ina tundu moja kwenye ncha. Kiwele, robo, chuchu, tundu. Ukiyashika hayo hutaniambia tena "ziwa".

Robo hazichangii maziwa. Kati ya upande wa kushoto na wa kulia limepita kano nene linalokibeba kiwele. Alama yake unaiona kwa nje, ule mstari uliozama unaokigawa kiwele katikati ukimtazama kwa nyuma. Kati ya robo ya mbele na ya nyuma kuna utando mwembamba usioonekana kwa nje, lakini nao haupitishi kitu. Ndiyo maana robo moja inaweza kutoa usaha na jirani yake ikatoa maziwa safi, na ndiyo maana dawa ya kuingiza kwenye chuchu huwekwa kwenye robo inayoumwa yenyewe.

Robo za nyuma ni kubwa kuliko za mbele, na hutoa kama asilimia 60 ya maziwa yote. Hilo si la kunipigia simu. Lakini ukiona nyuma kulia imezidi nyuma kushoto, na jana zilikuwa sawa, piga.

Kano la katikati likilegea, jambo linalowapata zaidi ng'ombe waliozaa mara nyingi, mstari wa nyuma hupotea, kiwele hushuka chini ya goti la nyuma na chuchu huanza kutazama nje. (Mwalimu wetu chuoni alikuwa anakasirika tukiita lile goti, kwake ni kifundo. Huku kila mtu anasema goti na tunaelewana.) Kano likishalegea halina dawa. Ila ni vizuri uniambie "kiwele kimeshuka", kwa sababu kiwele cha namna hiyo kinakanyagwa, kinaburuta kwenye samadi, na chuchu zake hujeruhiwa kila mara.

Chunguza pia kama kuna chuchu za ziada, vile vichuchu vidogo ambavyo mara nyingi huota nyuma ya zile nne. Kwa ndama jike ni jambo dogo, vinaondolewa ndama akiwa bado mchanga na kidonda kinapona. Kwa mtamba anayekaribia kuzaa ni usumbufu, hasa kama kichuchu kimekaa mahali pa kuzuia mkono.

Kwenye ngozi ya chuchu tazama michubuko, nyufa na malengelenge. Tofautisha. Ufa ni ngozi iliyokauka na kupasuka, na mafuta ya kukamulia yanaweza kuumaliza. Malengelenge ni vifuko vya maji. Ukiyaona kwenye chuchu, halafu ng'ombe anadondosha mate na anachechemea, usiniite tu: usimtoe mnyama yeyote nje ya banda, usiruhusu jirani aje kutazama, kwa maana huo unaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo, na viatu vya mtu mmoja vinatosha kuusambaza kitongoji kizima.

Njia ya maziwa kwa ndani

Watu wengi wanadhani kiwele ni kibuyu kitupu kinachojaa maziwa kuanzia juu hadi chini. Sivyo. Sehemu kubwa ya robo ni tezi, nyama laini yenye vifuko vidogo mno ambavyo macho hayavioni. Vifuko hivyo ndivyo vinavyotengeneza maziwa kutokana na vitu vinavyoletwa na damu, na damu inayopita ni nyingi ajabu: ili ipatikane lita 1 ya maziwa, inakadiriwa lita 400 hadi 500 za damu huwa zimezunguka kwenye kiwele. Maziwa yakitoka kwenye vifuko huingia mirija myembamba, mirija inaungana na kuwa minene, inamwaga kwenye chumba kilicho chini ya robo, kisha kwenye uwazi wa chuchu. Mwisho kabisa kuna mfereji wa chuchu, mfupi, kama sentimita 1, unaofungwa na msuli wa mviringo.

Kwa nini nakuchosha na haya? Kwa sababu "maziwa hayatoki" ni matatizo matatu tofauti, na unaweza kuyatofautisha kwa vidole kabla hujashika simu.

Kama chuchu imejaa, ukiibonyeza unasikia maziwa yamo, lakini kwenye tundu hakitoki kitu au kinatoka kiuzi chembamba, shida iko kwenye tundu au mfereji. Labda pameumia, labda pana kinyama kimeota. Usichokonoe. Usiingize kijiti, unyoya wa kuku wala sindano ya kushonea, vyote hivyo nimeshavikuta vimetumika na robo zote hizo ziliishia kuharibika.

Kama chuchu zote nne ni tupu na kiwele kimejaa lakini ni laini na hakina maumivu, ng'ombe hajashusha maziwa. Kushusha si hiari yake. Ukimwosha na kumkanda kiwele, ubongo wake unatoa homoni inayoitwa oksitosini, inafika kwenye kiwele kwa njia ya damu ndani ya kama dakika 1, na vile vifuko vinakamuliwa kutoka ndani. Nguvu yake hudumu dakika 5 hadi 8 hivi. Ng'ombe akiogopa, mwili unatoa homoni nyingine inayoizuia hiyo ya kwanza. Mgeni bandani, mbwa, fimbo, mkamuaji mpya mwenye kucha ndefu, yote hayo yanatosha. Tatizo la namna hii halihitaji dawa yangu. Linahitaji mtu aliyezoeleka, maji ya uvuguvugu, na aanze kukamua mara tu baada ya kuosha, siyo aoshe kisha aende kutafuta ndoo.

La tatu, chuchu ni tupu au inatoa majimaji, na robo iliyo juu yake ni ngumu na ya moto. Huo ni ugonjwa wa kiwele. Kwa huo nakuja.

Kuhusu ule msuli wa mviringo, kumbuka kitu kimoja cha kila siku: baada ya kukamua haujifungi papo hapo. Huchukua nusu saa au zaidi, na muda wote huo tundu liko wazi kwa vijidudu vya sakafuni. Weka mabingobingo mabichi kwenye hori ukimaliza kukamua, si kabla. Ng'ombe anayekula anasimama, na chuchu zake zinakaa mbali na samadi.

Mkono na kikombe

Sasa mguse. Mguse baada ya kukamua, kwa sababu kabla ya kukamua kila robo imejaa na inakudanganya. Robo isiyoumwa ikishakamuliwa hulegea, ngozi yake hukunjamana, na ukiifinya taratibu unasikia nyama laini inayolingana kila mahali. Linganisha kila robo na mwenzake wa upande wa pili.

Maneno ninayotaka kusikia ni haya. Laini au ngumu, na kama ni ngumu, yote au kuna uvimbe mmoja ndani yake. Robo iliyougua kwa muda mrefu huwa ngumu kama ndizi mbichi, na hiyo nitakuambia ukweli mapema kwamba huenda isirudi. Ya moto au ya kawaida: tumia mgongo wa mkono, ndio unaohisi vizuri. Inamuuma au haimuumi: akirusha teke ukigusa robo moja tu, hilo ni jibu. Rangi ya ngozi. Kama robo imegeuka ya bluu au nyeusi na imepoa, tena ng'ombe amelala na hataki kula, usinieleze kitu kingine chochote, sema hilo kwanza. Hapo si maziwa tena yanayookolewa, ni ng'ombe mwenyewe.

Mtamba anayekaribia kuzaa mara nyingi huvimba kiwele, na uvimbe unaweza kufika hadi kitovuni. Bonyeza kwa kidole gumba, hesabu hadi tano, achia. Pakibaki kishimo na hana homa, hayo ni maji yaliyokusanyika chini ya ngozi, na kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya kuzaa.

Kikombe nacho, ila hiki ni kabla ya kukamua. Kikombe cheusi ndicho bora, kwa kuwa vipande vyeupe vinaonekana. Kamulia humo michirizo miwili mitatu ya mwanzo kutoka kila chuchu, moja baada ya nyingine, ukimwaga na kutazama. Niambie umeona nini: vipande, nyuzi, majimaji, damu, au usaha. Haya si maneno ya kubahatisha. Maziwa yenye damu siku chache baada ya kuzaa, bila homa na bila ugumu, mara nyingi ni mishipa midogo iliyopasuka kwa msukumo na huisha. Majimaji ya rangi ya chai kutoka robo ya moto ni jambo jingine kabisa. Na kama amezaa leo, maziwa mazito ya manjano si usaha, ni dang'a. Ndama anayahitaji ndani ya saa chache za mwanzo. Nimeshapigiwa simu na kijana aliyekuwa anayamwaga.

Kuna ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa jicho wala mkono: maziwa ni meupe, robo ni laini, lakini lita zinapungua. Huo tunaupima kwa kipimo cha California, kile kisahani chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila robo. Unachanganya maziwa na dawa yake kwa kiasi sawa, unazungusha, na robo inayoumwa inaganda mfano wa uji. Chama chenu cha wafugaji kikiwa nacho kimoja, kitumieni kila mwezi.

Mshipa wa maziwa

Ule mshipa mnene uliojipinda chini ya tumbo, ukitoka kwenye kiwele kuelekea kifuani, haubebi maziwa. Unabeba damu inayorudi kwenye moyo. Madalali mnadani wanaupapasa kwa mbwembwe na kukuongezea bei. Mshipa mkubwa unaonyesha damu nyingi imekuwa ikipita, ni sawa, lakini mimi ningetumia muda huo kukamua michirizo miwili kutoka kila chuchu mbele ya muuzaji. Akikukataza kukamua, umeshajua.

Viungo vingine utakavyoulizwa

Sitamaliza simu bila kukuuliza mambo ya nje ya kiwele.

Tezi za mwili, si ile ya maziwa: chini ya sikio na mbele ya bega. Zikivimba zinaitwa mitoki. Ng'ombe mwenye mitoki, homa na kupe anaweza kuwa na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na maziwa kupungua ni dalili tu ya hiyo.

Ubavu wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho na chini ya mifupa ya kiuno, kuna kishimo. Chini yake ndiko liliko tumbo kubwa. Kikizama sana, hajala. Kikijaa na kutuna kikilia kama ngoma ukikipiga kidole, amejaa gesi. Weka ngumi hapo utulie dakika 1: unapaswa kusikia tumbo likisukuma mara moja au mbili. Niambie pia kama anacheua.

Uke na kondo la nyuma: watu wanaona haya kutaja, hasa mama akizungumza na mimi kijana wa umri wa mwanawe. Taja tu, mama yangu. Ute unaovutika na usio na rangi ni joto, yaani anataka dume, mwite mhimilishaji, mtu wa kupandisha kwa mbegu. Ute unaonuka baada ya kuzaa ni maambukizi. Kondo likikaa zaidi ya saa 24 halijatoka, usilivute wala usilifungie jiwe.

Masikio na shingo: ng'ombe aliyezaa siku moja hadi tatu zilizopita, amelala hawezi kuinuka, masikio ni baridi na shingo ameipindia ubavuni, ana homa ya maziwa. Pamoja na jina lake, joto lake halipandi. Ni upungufu wa kalsiamu kwenye damu, na huyo hasubiri kukuche. Ukiwa na kipimajoto, kiweke kwenye njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kitu.

Kwa wenye mbuzi wa maziwa, Toggenburg au Saanen, mambo ni mepesi: kiwele kina nusu mbili na chuchu mbili, kwa hiyo sema kushoto au kulia inatosha.

Simu yenyewe

Mama mmoja wa Masama ananifurahisha. Anapiga, nasema "Shikamoo mama", anajibu marahaba na kuendelea bila kupumua: "Friesian, uzao wa tatu, amezaa wiki mbili. Robo ya nyuma kushoto ni ngumu yote, ya moto, anarusha teke. Chuchu haina kidonda. Maziwa ni majimaji yenye vipande. Nyingine tatu ni safi. Anakula kidogo, anacheua, joto 40. Sijampa dawa." Sekunde ishirini. Nilipofika nilikuwa na kila kitu.

Ukisubiri nije, ikamue ile robo mara kwa mara mpaka ibaki tupu, ukianza na robo safi na kumalizia na mgonjwa. Maziwa yake kamulia kwenye chombo, uyamwage shimoni, usiyamwage sakafuni na usimpe ndama. Nawa mikono kabla ya kumgusa ng'ombe mwingine.

Na sehemu ile ya mwisho, "sijampa dawa", naomba uwe mkweli nayo. Kama ulikuwa na tyubu iliyobaki tangu mwaka jana na umeshaiingiza, nitunzie kasha. Nahitaji jina la dawa ili nisigonganishe nyingine juu yake, na wewe unahitaji idadi ya siku za kusubiri iliyoandikwa pale. Dawa uliyoiweka kwenye robo moja huingia kwenye damu na kutokea kwenye robo nyingine, hivyo maziwa ya chuchu zote nne hayaendi kituo cha kukusanyia maziwa mpaka siku hizo ziishe, hata ya zile tatu unazoziona safi.